Mahari Yangu Ilikuwa Gari, Sasa Nimeletewa Mbuzi

(Aliyetuandikia ni fundi wa mjini Singida. Jina lake tunalo, lakini tumelificha kama alivyoomba. Msomeni hadi mwisho kabla ya kumjibu.)

Bwana Mhariri na wasomaji wenzangu, naandika nikiwa na hasira, mnisamehe mwandiko. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minne, mtu wa upande wa Kilimatinde, fundi wa kunyoosha bodi za magari. Kazi hii nilijifunza jeshini wakati wa vita. Niliporudi nilikuta baba amefariki na ng'ombe wetu wote wamekwisha kwa njaa, nikahamia Singida na nyundo zangu.

Mke wangu ni Mnyaturu wa Mwankoko. Baba yake alimpikia Mzungu mmoja wa mgodini miaka mingi, na yule Mzungu alipoondoka alimwachia gari lake la Kimarekani, lile la paa la turubai linalokunjwa nyuma. Nilipokwenda kuposa nililikuta nyuma ya tembe limezungushiwa miiba, kuku wanatagia kwenye viti. Mzee akaniuliza nina ng'ombe wangapi. Nikasema, "Baba, sina hata ndama." Akacheka, akanishika mkono mpaka kwenye lile gari. "Mwanangu, ng'ombe mimi ninao. Nirudishie hili kama lilivyokuwa siku Bwana alipolileta, na binti umeoa." Aliyesikia maneno hayo ni mshenga wangu, Mzee Saidi fundi cherehani, jirani yangu hapa mjini.

Basi tukalivuta kwa maksai mpaka kwangu, Mwankoko nzima ikitazama. Jamani, lile gari! Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hadi unaona ardhi. Na gari lisilo na paa la chuma hushikiliwa na sakafu. Ikioza, linapinda katikati na milango haifungi. Nililinyanyua tumbo kwa jeki, nikakata mapipa ya mafuta, nikayafua yakawa bapa, nikalehemu sakafu mpya. Madigadi niliyagonga mpaka masikio yangu yakawa yanalia hata nikiwa kanisani. Mzee Saidi akashona paa kwa turubai la lori. Rangi ilikuwa ya maziwa. Nilipaka, nikasugua kwa msasa na maji, nikapaka tena, hata mke wangu akawa anafunga kilemba akijitazama kwenye mlango wa gari. Maana alikuwa amekwisha kuja kwangu kwa ruhusa ya baba yake, na binti yetu alizaliwa gari likiwa bado kwenye mawe.

Siku nilipolirudisha, mkwe wangu alilia machozi kabisa. Akapapasa boneti, akasema, "Mwanangu, umemaliza." Tukala, tukacheka. Wazee wa ukoo hakuna aliyewaita, kwa sababu nani huita wazee kuja kutazama gari?

Mwaka huu mdogo wake mkwe anataka kumwozesha kijana wake, na zizi lake halina kitu. Akakumbuka kwamba mtoto wa kaka yake ameolewa na ng'ombe hawakuonekana. Akaitisha kikao, nami nikaitwa kama mwizi. Akaniambia mbele ya watu, "Mahari huingia nyumbani tukiona. Kwako wewe sisi tuliona kitu kinatoka. Gari lilikuwa letu, likatoka, likarudi likiwa letu. Umeleta nini?"

Mzee Saidi akasimama kueleza alichosikia. Wakamwambia, "Mzee, kaa chini. Wewe si mtu wa ukoo." Nikamgeukia mkwe wangu. "Baba, sema ulichoniambia." Alikuwa anatazama ndala zake. Akasema, "Fundi, wazee wamekwisha kusema."

Fundi! Wasomaji, tangu siku ya posa hakuwahi kuniita hivyo. Neno hilo liliniuma kuliko kikao chote.

Jumapili wakaja kumchukua mke wangu na mtoto, wakae kwao mpaka ng'ombe waje, na wasipokuja mtoto ni wao. Walikuja na gari lile lile. Mke wangu alikuwa analia, ananiambia, "Baba Mariamu, usimpige mtu, nakuomba." Binti yangu yeye alipiga makofi kwa furaha ya kupanda gari. Mkwe akausukuma mlango kidogo tu, ukafunga bila kelele, jinsi nilivyouweka mwenyewe. Nikabaki nimesimama na vumbi lao.

Hayakuishia hapo. Juzi wamenitumia mbuzi dume, amefungwa kwenye mguu wa benchi yangu, na salamu kwamba huyo ni ujira wa fundi. Mnaona ujanja wao? Nikimpokea, nimelipwa kazi yangu, na mahari sijatoa. Nikimrudisha, nimemtukana mkwe mbele ya ukoo wake, na yeye ndiye mtu pekee duniani ambaye neno lake linaweza kunirudishia mtoto. Na huku kwetu, mnyama akiletwa mlangoni, ukimnywesha maji umempokea.

Kwa hiyo simnyweshi. Mzee Saidi huvuka barabara na ndoo yake akamnywesha yeye, mimi nikigeukia ukutani kama mjinga. Watoto wa mtaani wanakuja kututazama. Lakini Mzee Saidi anasafiri mwisho wa mwezi kwenda Tabora kwa binti yake, na kuanzia hapo mwenye ndoo ni mimi peke yangu. Hata sasa ninapoandika mbuzi anapiga kelele, ana kiu, na mnyama hana kosa.

Ninyi mnaojua mila na ninyi mnaojua sheria, nishaurini kabla Mzee Saidi hajaondoka. Nimpe maji?