Mchanga Baada ya Dawa

Zamani maji yetu yalichujwa taratibu katika mabwawa ya mchanga, na watu kama shemeji yangu waliingia humo na sepeto kukwangua utelezi. Siku hizi yanatoka mtoni na majani yake yaliyooza, yanapigwa klorini mpaka yanuke, kisha tunaambiwa ni safi.

Mabwawa yale yalifukiwa yakajengwa maghala, na shemeji, mume wa marehemu dada yangu, akarudi nyumbani na buti zake. Mtaani walimwita Mchanga. Walimtania kwamba hata machozi huyachuja kabla ya kulia. Alicheka nao, maana hakuwa na kinyongo. Kinyongo ninacho mimi.

Binti yake, aliyekaa naye pamoja na mumewe, akaanza kuharibikiwa na mimba, moja baada ya nyingine. Aliposhika tena, Mchanga alitafuta mapipa, akayajaza kokoto na mchanga aliouosha kwa mikono yake, akapitisha humo maji ya bomba tone kwa tone. Hakuna aliyeruhusiwa kunywa mengine.

Mimi na Mchanga tukaenda kwa mkemia wa idara ya maji, binti mpole aliyetupa viti, yeye akasimama. Hakutuficha. Klorini ikikutana na uozo wa majani huzaa sumu nyingine, isiyoonekana kwa macho, na vipimo vya mtaa wetu vilikuwa vimevuka kiwango. Ila akipunguza klorini, kipindupindu kitaingia. Ameomba machujio mapya, hajajibiwa. Kama sumu hiyo ndiyo iliyoharibu mimba, hakuna awezaye kujua.

"Na mapipa yangu?" Mchanga aliuliza.

"Mzee wangu, mchanga ulitakiwa utangulie, utoe uozo kabla ya dawa. Hapo kwako sumu imeshazaliwa, na mchanga wako hauikamati."

Alimshukuru. Kesho yake nikamkuta ameinama kwenye beseni, anaosha mchanga.

"Shemeji, si ulisikia mwenyewe?"

"Nimesikia. Sasa ulitaka nikae tu, nimwangalie?"

Nimesoma vitabu vya kuokoteza maisha yangu yote, na hakuna hata kimoja kilichonipa jibu la swali lile.

Mkwe wake akaamua kumhamishia mkewe kwao, kwenye kisima ambacho hakuna aliyewahi kukipima. Mchanga alikataa kuandamana nao. Alisema ugeni wa ukweni una mwisho. Siku ya kuondoka, gari likiwa linanguruma, alitoka na kikombe cha maji ya mapipa yake. Binti alikuwa ameshaelezwa yote, nilimweleza mimi. Akanitazama, akakipokea, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Matamu, Baba," alisema.

Gari likaondoka, mumewe akipunga mkono dirishani, yeye amejishika tumbo. Sijawaona tena.