Nyambizi Isiyoondoka Ijumaa

Wiebke Brodersen alijua habari za nyambizi ile kwa kumtazama mumewe tu. Henning alikuwa mpishi humo. Safari ya kwanza alirudi kifua mbele: walikuwa wamezamisha meli mbili, na vibendera viwili vilipepea walipoingia bandari ya Kiel, Ujerumani. Safari ya pili kibendera kimoja, na Henning hakutaka kusema aliona nini majini. Ya tatu hakukuwa na kitu. Ndege ziliwaandama kila walipoibuka, mabomu yakapasua matangi, na Henning akarudi mikono ikimtetemeka hata kijiko cha supu kikamshinda.

Likizo nzima alikunywa. Siku ya mwisho akavunja sahani za marehemu mama yake Wiebke, naye Wiebke, uvumilivu umemwishia, akamfokea, "Nenda! Na safari hii usirudi!"

Akaenda. Maneno hayo yakamkaa Wiebke kooni kama mwiba wa samaki. Alijua nyambizi ingeondoka Ijumaa, basi Ijumaa alfajiri akavaa koti lake la kanisani, akapanda treni kutoka mjini kwao Kappeln hadi Kiel, kwenda kumwomba Henning radhi.

"Umechelewa, mama," mlinzi wa lango la bandari akamwambia. "Hao wameondoka jana."

"Jana? Mume wangu aliniambia leo!"

"Waume husema mengi. Nimewaona mwenyewe wakifungua kamba, bendi ikipiga. Rudi nyumbani, mvua hii itakuua."

Akarudi akilia njia nzima, abiria wamtazame wasimtazame.

Nyambizi haikurudi. Mwezi Mei ikaja taarifa kwamba imepotea Atlantiki ya kaskazini na watu wake wote. Wapi hasa, hakuna aliyejua, na mjane hana hata kaburi la kupalilia. Vita ni unyama, na asiyeamini angemwona Wiebke mwezi ule.

Kisha akaja kumpa pole Uwe Thomsen, fundi wa mitambo wa nyambizi ile. Yeye alikuwa amevunjika mguu siku ya kuondoka, akabaki hospitali.

"Na kapteni alivyojihadhari, shemeji!" Uwe akasema. "Baharia gani ataanza safari Ijumaa, ajitafutie mkosi? Alhamisi tukafungua kamba, bendi ikapiga, tukavuka maji tu mpaka gati ya ng'ambo, tukafunga tena. Hapo safari si imeshaanza Alhamisi? Ijumaa tukawa tunapakia viazi."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mchana. Mimi nikateleza na gunia, mguu kwisha. Henning ndiye aliyenibeba."

"Alisema lolote?" Wiebke akauliza.

"Alikuwa akichungulia gatini kila mara, mpaka tukamtania. Nilipopandishwa gari la wagonjwa akaniambia, 'Ukimwona Wiebke, mwambie nilimngoja. Hakuja, lakini simlaumu.'"

"Nilikuja," Wiebke akasema.