Mashine ya Kufukuza Nyani

Juzi mjini Same, kwenye kile chumba kipya cha intaneti, nilimkuta mzee mmoja wa Suji, kule mlimani, ametulia mbele ya kompyuta kama anayesubiri meza ya Bwana. Alikuwa amesikia kwamba wataalamu wa ng'ambo wametengeneza mashine ya kufukuza nyani, na nyani walikuwa wanamalizia mahindi yake. Sisi tuliokuwepo tukamchangia pesa ya nusu saa, maana nani hana shamba?

Dada wa kompyuta akaipata habari yenyewe. Ilikuwa ya Kiingereza, ila ilikuwa na picha, nayo ikaanza kushuka taratibu kutoka juu. Kwanza mawingu. Halafu manyoya.

"Ishushe basi, mwanangu," mzee akasema.

"Haishushwi, baba. Inakuja yenyewe."

Ukatokea uso wa nyani. Mzee akaruka, fimbo juu. "Ndiye huyo huyo!" Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshavua kandambili.

"Baba, kioo!" dada akapiga kelele.

Picha ikazidi kushuka. Nyani ameshika hindi, anatafuna. Chini yake likaonekana sanduku la chuma lenye taa.

"Na hicho alichokikalia?"

Dada akasoma, akaziba mdomo kwa kiganja. "Ndiyo mashine yenyewe, baba."

Mzee akacheka mpaka akafuta machozi kwa kofia. "Kumbe hata wao!" Akarudi mlimani ana furaha kama mtu aliyevuna.

Mimi usiku ule niliyaombea mahindi yetu, nikaongeza na ya Wazungu.