Jibu Langu Pale Mferejini

Niliolewa Nakuru miaka ya hamsini ikianza, nikiwa sijui Kiswahili. Mume wangu alifanya kazi ya kuunganisha mabehewa stesheni, na tulipewa chumba kimoja katika landhi za reli, zile nyumba za safu za wafanyakazi. Kwetu, upande wa Kakamega, Kiswahili nilikisikia kwa wanaume waliorudi likizo tu. Hapa landhi palikuwa na watu wa kila kabila, na wanawake wote tulichota maji kwenye mfereji mmoja wa bomba.

Mume wangu alikuwa amenifundisha maneno machache. Asubuhi moja nilifika mferejini mimba ikinisumbua, nimetapika usiku kucha, uso umevimba. Jirani yetu wa chumba cha pili, mama wa watoto wengi, akaniuliza habari yangu. Nilitaka kumwambia nimechoka.

"Nimecheka," nikamjibu. "Nimecheka sana."

Wanawake waliokuwa pale walinitazama, kisha wote wakaangua kicheko. Mmoja ilibidi ashike ukuta. Sikujua nimesema nini, nilijua tu nimeharibu. Niliacha debe langu pale likifurika, nikaenda kujifungia chumbani. Mume wangu aliporudi akanieleza tofauti ya maneno yale mawili, na katikati ya kunieleza naye akacheka. Nilitamani anirudishe kwa mama yangu.

Tangu hapo nikawa nachota maji saa sita mchana, jua likiwaka, wakati hakuna mtu. Lakini neno lenyewe halikunyamaza. Nikiwa ndani niliwasikia wanawake wakisalimiana kwalo, mmoja akiuliza habari, mwingine akijibu kwamba amecheka sana. Waume zao wakalipeleka stesheni. Mume wangu akaniambia hata karani wa tiketi siku hizi anajibu hivyo. Alidhani nitafurahi.

Yule jirani akaniletea uji. Alisema, mume wangu akinitafsiria, kwamba hakuna anayenidharau, na kwamba wanawake wale walizoea kuanza siku kwa kutukanana juu ya zamu ya maji, sasa wanaanza kwa kucheka. Niliona ananibembeleza tu. Nilikunywa uji wake nikitazama sakafu.

Mvua zilipoanza, surua ikaingia landhi. Ikamchukua kitinda mimba wa yule jirani. Baada ya mazishi nilimkuta mferejini mchana, saa yangu ile, na nikaelewa kwamba yeye pia sasa anawakwepa watu. Singeweza kupita bila kumsalimu, na pole ya kufiwa sikujua inavyosemwa. Nilijua swali moja tu, nikamuuliza habari yake.

Aliweka mkono juu ya mfereji.

"Nimecheka sana, mama," akasema.

Machozi yalikuwa yanamtiririka. Midomo ikamtetemeka, nikadhani atapiga nduru, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko, kidogo, cha kweli. Akaketi kwenye saruji iliyolowa. Akaniambia, kwa maneno mepesi niliyoweza kuyaelewa, ni mara ya kwanza tangu wamzike mtoto. Nilijaza debe lake, nikamshika mkono, tukaenda polepole hadi mlangoni kwake.

Kesho yake alinigongea asubuhi twende pamoja. Nilienda. Sitasema aibu iliisha. Kila waliposalimiana masikio yangu yaliwaka moto, na hata nilipojifungua, wakaja chumbani kwangu na vicheko vyao na kuni na unga, nilikuwa bado siwezi kuwatazama usoni vizuri.

Mume wangu alipohamishwa kwenda Naivasha, wanawake walitupikia chai. Jirani yangu aliwaambia kwamba mimi ndiye niliyeleta furaha pale landhi, akaniomba niseme machache ya kuaga. Wakati huo Kiswahili changu kilikuwa kizuri, hata sokoni nilikuwa sishindwi na mtu. Nikasimama, wote wakanyamaza kunisikiliza. Sikupata hata neno moja. Nilifunika uso kwa leso, nikaketi, na jirani yangu akaendelea kumimina chai.