Karai la Kijani la Nasimiyu

"Mama Wangare, kwani maziwa ya mtu yanaweza kukatwa kama stima?"

Nasimiyu aliniuliza hivyo asubuhi moja ya mwezi wa tano, amesimama mlangoni pangu, mtoto kifuani, kitambaa cha kichwa kimelegea upande mmoja. Nilikuwa naanika nguo. Nikamwambia aingie, nikamwekea chai, maana swali kama hilo mtu hajibiwi akiwa amesimama.

Kwa wasiomjua, Nasimiyu ni jirani yangu hapa mtaa wa Free Area na anauza viazi. Ni viazi vya Molo, vile vyekundu, lori huvishusha Jumanne na Ijumaa. Sauti yake Mungu alimpa bila kipimo. Akicheka, kuku wa jirani yetu mwingine, anayeitwa Wangu, huingia chini ya gari. Mumewe Levis anachomelea mageti, na ni mtu mtulivu, nadhani kwa sababu nyumba yao haina nafasi ya wapiga kelele wawili.

Watoto wao wa kwanza ni Quincy na Shantel, waliopishana miezi kumi na moja. Babu yake Nasimiyu alikuwa mtu wa reli, basi yeye husema watoto wake walikuja kama mabehewa, moja limeshika mkia wa lingine. Watu hucheka, naye hucheka zaidi yao. Lakini mimi nilikuwa hapo hapo ng'ambo ya ukuta mwaka ule. Nilimwona akiuza viazi na mmoja mgongoni na mwingine tumboni, uso umebaki macho tu. Kwa hivyo alipojifungua Mitchelle mwezi wa tatu, aliniambia tukiwa bado hospitalini, "Huyu atakula ugali kwa mkono wake mwenyewe kabla sijabeba mwingine. Umesikia, mathe? Ombea hiyo."

Nikaombea. Na hapo ndipo karai linapoingia.

Sisi akina mama wa kanisa letu tuko na karai moja la kijani. Dada akijifungua, tunampelekea. Ndani kuna chupa ya chai, shali nyeupe, sufuria ndogo na kijiko cha mti. Kuna njahi, yale maharagwe meusi, kwa sababu sisi tuliotoka Molo tunajua njahi ndiyo huleta maziwa. Kuna unga wa wimbi, kwa sababu wenzetu wa kutoka Bungoma wanajua ni wimbi. Ubishi huo haujawahi kuisha, basi vyote huingia. Mama hukaa na karai mpaka mwingine ajifungue, na akilitoa huongeza kitu chake. Chakula ukila unajaza; kutoa kitu hakuruhusiwi, ni kuongeza tu. Halafu kabla halijaondoka tunaliwekea mikono tuliombee. Maombi hayo huwa ni yangu kwa sababu ndimi mkubwa wao.

Kabla ya Nasimiyu, karai lilikuwa kwa Wangu.

Sasa Nasimiyu alikunywa chai nusu kikombe, akaniambia yote. Mwanzoni maziwa yalikuwa tele, mtoto akinyonya upande huu, ule mwingine unalowesha blauzi. Halafu yakaanza kupungua. Mitchelle ana wiki kumi na sasa analia akiwa kwenye titi.

"Unakula lakini?" nikamuuliza.

"Nakula! Niangalie! Wangu ananiletea njahi asubuhi, mama mkwe ananihimiza wimbi kwa simu jioni. Mimi nanenepa, mtoto anakonda. Na mama mkwe anakuja Jumamosi na unga, anasema mtoto apewe uji." Akashusha sauti, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. "Mama Wangare, Quincy nilimpa uji akiwa na miezi miwili. Nikasema si bado nanyonyesha, mimba itapitia wapi? Ilipopitia ndiye huyo anachezea sabuni yako."

Nikageuka, nikamnyang'anya Shantel sabuni.

"Na kuna dawa unameza?"

"Dawa? Hapana. Ni zile tu za karai."

"Za karai gani?"

"Za kupanga uzazi. Zilikuwa zimefungwa ndani ya shali. Wangu alisema yeye ameziacha, nisiache ziharibike bure." Akanitazama kwa uso safi kabisa. "Na si wewe uliziombea?"

Nikakaa chini. Ni kweli niliziombea. Niliweka mikono miwili juu ya lile karai nikasema, Bwana, bariki hili karai na kila kilichomo ndani yake, kikubwa na kidogo. Wangu alisema amina kuliko wote.

Kesho yake tukaenda kliniki. Nilikuwa nimemwambia abebe zile tembe tu. Lakini Nasimiyu aliwaza kwamba sista, nesi wa kliniki, atataka kujua kila kitu anachotumia, akaja na karai zima kichwani, Mitchelle mbele, mimi nyuma nimemshika Shantel. Kwenye benchi mama mmoja akamuuliza, "Mathe, leo unauza nini?"

"Siuzi. Nimeleta ushahidi."

Sista anaitwa Nyakio, ni msichana wa umri wa kitinda mimba wangu, na hana haraka na mtu. Alitoa vitu kimoja kimoja akavipanga mezani: chupa, shali, njahi, wimbi. Njahi na wimbi akasema vizuri, endelea kula. Kisha akafika kwenye pakiti ya tembe.

"Hizi ni za nani?"

"Za karai," Nasimiyu akasema.

Sista akanitazama. Mimi nikasoma bango la ukutani kuhusu kunawa mikono.

Hakutugombeza. Alisema tembe zile si mbaya, ila ni za mchanganyiko wa homoni mbili, na ile moja inaweza kupunguza maziwa ya mama mwenye mtoto mchanga. Wangu alipewa wakati mtoto wake ameshapita mwaka, anakula kila kitu, kwa hivyo kwake zilikuwa sawa. Kwa mama wa mtoto wa wiki kumi, hapana.

"Na ulikuwa unameza kila siku?"

"Nikikumbuka. Siku za lori nilikuwa nasahau."

"Basi kwanza tupime kama kuna mimba."

Hapo Nasimiyu wa kuchekesha benchi alikwisha. Tulisubiri majibu, naye amenishika mkono kwa nguvu ya mtu aliyezoea kuinua magunia. "Kama iko," akaniambia, "huyu nitamnyonyesha nini?" Nilimwomba Mungu kimya kimya, na safari hii nilitaja kitu chenyewe kwa jina.

Mimba haikuwako. Nasimiyu alitoa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi barabara ya Nairobi, na sista akafunga mlango.

Halafu akamwelezea vizuri. Kunyonyesha kwenyewe kunazuia mimba, lakini masharti ni matatu na yote lazima yawepo: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya tu mchana na usiku bila uji wala maji, na mama hajarudi mwezini. Moja likikosekana, mlango umefunguka. "Ndio huo Shantel alipitia," Nasimiyu akasema. Zaidi ya hapo kuna tembe za homoni moja, ambazo hazigusi maziwa ila zinataka saa ile ile kila siku. Kuna sindano ya miezi mitatu. Kuna koili ya kuwekwa kwenye mfuko wa uzazi, ambayo aina moja haina homoni kabisa. Kuna kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kuna mipira ya kondomu, nayo ndiyo peke yake inakinga na magonjwa pia.

Nasimiyu alichagua kama mtu anayenunua viazi, akigeuza kila kimoja. Tembe akakataa. "Mimi na saa hatujuani." Kijiti akakiulizia sana.

"Kinakaa muda gani?"

"Miaka mitatu. Ukitaka mtoto mapema, unakuja kinatolewa."

"Hata simu yangu haikupewa waranti hiyo."

Sista akamwambia pia kwamba damu ya mwezi inaweza kubadilika, ikaja ovyo au isije, asishtuke, na likimsumbua jambo arudi. Kisha Nasimiyu akampigia Levis, akaweka spika, maana walikuwa wameahidiana kuamua pamoja. Levis alizima kwanza mashine yake ya kuchomelea. Halafu akauliza, kwa adabu sana, "Sista, hiyo kitu ni chuma? Nauliza kwa sababu mimi nafanya welding, na yeye huniletea chakula pale pale kwa moto."

"Si chuma, ni plastiki laini. Choma mageti yako kwa amani. Na siku saba za kwanza mtumie mipira."

"Sawa, sista," akasema Levis, akakata haraka.

Kijiti kikawekwa. Mitchelle akapimwa uzito, ulikuwa umepungua kidogo, na Nasimiyu akaambiwa amnyonyeshe mara kwa mara, kila anapotaka, uji asipewe, arudi baada ya wiki. Maziwa hayakurudi siku moja. Yalirudi polepole. Jumamosi mama mkwe alipofika na unga wake, Nasimiyu alimpokea vizuri, akapika uji, akaunywa wote yeye mwenyewe huku ananyonyesha. Siku ya mizani Mitchelle alikuwa ameongeza. Mama mkwe akasema hiyo ni wimbi. Wangu akasema ni njahi.

Wangu nilimweleza mwenyewe jikoni kwangu, sisi wawili tu. Alilia. Nikamwambia tulikosa sote, yeye aliziweka na mimi nikaziombea, tufute machozi tupange kesho.

Mwezi wa saba Abby wa kwaya akajifungua. Tukakutana nyumbani kwa Nasimiyu kulitoa karai. Mitchelle alikuwa mapajani kwa Wangu, mashavu mpaka macho yanapotea. Tulikuwa tumeshainamisha vichwa, na mimi nimeshanyoosha mikono, Nasimiyu akaishika akairudisha chini. Akasema:

"Naomba kitu kimoja. Tutoe vyote mezani kwanza, tuvione, ndio tuombe. Dawa ya mtu ibaki kwake. Na Abby mniachie, nitampeleka kliniki mimi, nimshikie mtoto akichagua njia yake."