Claudine, Nuru ya Nyumba

Kifaransa changu chote nimekiokota kwenye chupa za manukato, ila mdomo wangu hauna breki. Rafiki yangu Rehema alipojifungua hapa Stockholm mwaka huu wa 1974, nilimwambia Claudine kwa Kifaransa maana yake nuru ya nyumba. Akampa binti yake jina hilo.

Jumamosi tulikwenda wageni kadhaa kwake, mtaa wa Farsta, kumwona mtoto. Mama mmoja wa Kikongo, aliyesomeshwa na masista, akauliza maana ya jina.

"Nuru ya nyumba," Rehema akajibu kwa fahari.

Yule mama akautazama mguu wa mtoto, uliozaliwa umepinda na sasa umefungwa plasta.

"Claudine maana yake ni kiwete, mama," akasema polepole. "Nani alikuchagulia?"

Rehema alinigeukia, na wageni wote wakageuka naye. Mimi nilikuwa na keki mdomoni.