Sauti ya Jaimati Kwenye Simu

Siku waliyoibomoa nyumba ya sala pale kijijini Bodenga, Jaimati Kashyap alikuwa uani akianika maua matamu ya mti wa mahua. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na mitatu, mwenye maneno machache na sauti kubwa. Yeye ndiye aliyeongoza nyimbo za familia saba za Wakristo wa kijiji kile, kwa Kigondi, lugha yao wenyewe. Kikao cha kijiji kilikuwa kimewapa siku tatu: wairudie miungu ya mababu au wahame. Siku ya nne wanaume walifika na marungu na mashoka, na aliyetangulia mbele alikuwa Sonsai, mdogo wake wa tumbo moja.

"Dada, sema tu umeacha," Sonsai alimwambia. "Neno moja, halafu tunaenda zetu."

"Nimeacha nini? Kuimba?"

"Usinichezee mbele za watu!"

"We Sonsai, nimekubeba mgongoni mpaka ukaota meno. Leo unanishikia rungu?"

Kuna mtu alicheka nyuma. Kicheko kile ndicho kilichompandisha Sonsai wazimu. Rungu lilishuka kwenye mkono wa kushoto wa Jaimati na mfupa ukavunjika papo hapo. Wengine wakamwangusha mchungaji Budhram, wakampiga mateke ya taya mpaka akatema meno na damu. Mabati yaling'olewa, mpunga ukamwagwa kisimani. Kufikia adhuhuri familia zote saba zilikuwa zinavuka kijito bila viatu, watoto wamebebwa, na mawe yakiwasindikiza.

Walitawanyika. Baadhi walienda kusini kuchuma pilipili, wengine kufyatua matofali. Jaimati alipata kazi mjini, kuosha masufuria katika bweni moja la wanafunzi, kwa mkono mmoja. Budhram alifungwa taya kwa waya. Hakuweza kuhubiri wala kutafuna. Alimwandikia Jaimati ujumbe: "Wewe imba. Mimi nitasikiliza."

Mangli, mpishi wa bweni, ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kuwaunganisha watu wote kwenye simu moja. Jumapili saa nne asubuhi Jaimati aliiegemeza simu kwenye gunia la mchele, akaanza. Sauti za wenzake zilikuja zimechelewa, kila kundi na mstari wake, wimbo ukawa kama watu wanaofukuzana. Walicheka. Kisha mama mmoja kule kwenye pilipili akaanza kulia, na wote wakalia naye.

Wiki chache baadaye iliingia namba ngeni. Sauti ilinong'ona, "Wifi, ni mimi."

Alikuwa Sukri, mke wa Sonsai. Mbele ya kijiji alikuwa ameinamia miungu ya mababu pamoja na mumewe, lakini moyoni hakuacha imani. Kila Jumapili alipanda juu ya dari ya zizi, ambako mtandao ulishika, akasikiliza akiwa amejifunika nyasi. Alifanya hivyo Jumapili nne.

Ya tano, katikati ya maombi, wote walimsikia Sonsai.

"Kumbe huku ndiko unakojificha!"

Kikasikika kishindo cha mtu aliyeanguka kutoka juu, kisha ng'ombe wakilia, kisha mapigo. Jaimati alipaza sauti kwenye simu, "Sonsai! Mwache! Sonsai, ni mimi dada yako!" Kutoka sehemu tano watu walipiga kelele kwa pamoja. Sonsai alisikia. Alipiga kwa nguvu zaidi, na kila pigo liliwafikia. Halafu simu ikakatika.

Jaimati alifuta mikono. Chamru, mume wa Mangli, alimpakia kwenye pikipiki, wakaenda mwendo wa saa mbili mpaka Bodenga. Walimkuta Sukri sakafuni mwa zizi, jicho la kushoto limejaa damu. Sonsai alikuwa mlangoni ameshika shoka.

"Ukivuka hapa nakukata."

Jaimati alipiga hatua moja mbele. "Nikate basi, ila fanya upesi. Mwenzio anavuja damu."

Shoka lilipita karibu na sikio lake, likazama kwenye nguzo ya mlango. Kama alikosea au alikusudia kukosa, Jaimati hakujua kamwe. Sonsai alipokuwa akihangaika kulichomoa, Jaimati alimwinamia wifi yake, akamburuta kwa mkono mzima. Majirani waliokusanyika walisimama tu. Hakuna aliyesaidia wala aliyezuia. Jiwe moja lilimpasua Jaimati kisogo akiwa anapanda pikipiki.

Jicho la Sukri halikupona. Sonsai alilala rumande siku tisa, kisha akarudi kwenye shamba lake. Sukri alibaki na Jaimati, wakawa wanaosha masufuria pamoja. Jaimati alimchukia ndugu yake kwa namna iliyomtisha mwenyewe. Kila alipotaja majina ya ndugu katika maombi, lile la Sonsai aliliruka.

Mvua zilikuwa zimekwisha siku Sonsai alipopiga simu. Ibada ilikuwa haijaanza, watu wakiulizana habari za homa na kazi.

"Sukri yuko hapo?"

Wote waliitambua sauti ya Sonsai. Jaimati alinyoosha kidole amkatie simu, lakini Sukri alimshika mkono.

"Nipo. Unataka nini?"

"Rudi nyumbani."

"Sirudi."

"Mama anakuulizia."

"Msalimie. Sikiliza, sisi tunaanza. Ukitaka kukaa, kaa. Ukitukana, nakukata hapo hapo."

Sonsai hakukata simu. Jaimati alianzisha wimbo juu mno, akaukatisha. Ilimbidi anywe maji, aanze upya, na safari hii aliimba kwa hasira, akimwimbia mtu aliyetaka kumuua, mpaka jasho likamtoka. Katikati ya ubeti wa tatu alisikia mtu upande wa pili akikohoa, kikohozi alichokijua tangu utotoni. Hakuacha kuimba.

Walipomaliza, Sonsai alikuwa ameshaondoka kwenye simu. Hakuna aliyejua alisikiliza mpaka wapi. Sukri aliinuka, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kuwasha moto, maana wanafunzi wangekula saa saba na mchele ulikuwa bado haujachaguliwa.